Sanduku la Chaneli Zilizofunguliwa

Mimi televisheni sikuitaka tangu mwanzo, na nalisema hilo kwanza ili asitokee wa kunigeuzia maneno. Ilikuwa ya mume wangu. Magoti yalipomkatalia kupanda shambani, mwanetu anayeishi Same mjini alimletea televisheni, king'amuzi na ungo wa kufunga juu ya bati. Mzee akapata wa kuzungumza naye. Kila jioni alisikiliza taarifa ya habari, akagombana na wakubwa wa nchi, akala, akalala. Ubaya ni kwamba king'amuzi kilidai kulipwa kila mwezi kama mwenye nyumba. Ukichelewa kinakata hapo hapo, mtangazaji yuko mdomo wazi.

Mwanetu akachoka kulipia. Akasema siku hizi kuna sanduku, dogo kama kipande cha sabuni, halitaki ungo, linavuta picha kwenye mtandao wa simu. Niliposhuka Same kuuza maharage akanipeleka dukani nikachague mwenyewe, eti mimi ndiye nitakayekaa nalo.

Muuzaji alikuwa kijana ambaye suruali yake ilikuwa imemwishia katikati ya makalio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Pandisha suruali, ndipo tuzungumze."

Akapandisha, akacheka. Akaweka masanduku mawili mezani. La kwanza, alisema, ni la halali lakini lina masharti: kila chaneli unajiandikisha, na nyingine unalipia. La pili lina chaneli za dunia nzima, zote zimefunguliwa, bure mpaka unakufa.

"Zimefunguliwa na nani?" nikauliza.

"Wataalamu, bibi."

"Anayefungua zizi la mwenzake usiku siku hizi anaitwa mtaalamu?"

Watu wa dukani wakacheka. Mwanangu akaona aibu, akanivuta kando. "Mama, kila mtu analo hili. Mpaka watumishi wa ofisi." Nikamwambia sitaki cha wizi sebuleni kwangu, nataka lile la masharti. Nikatoka kwenda kutafuta chumvi. Niliporudi mwanangu alikuwa ameshafungiwa lile la wizi kwenye mfuko. Ndivyo nilivyochagua.

Huku kwetu Vudee mtandao unakuja na kuondoka kama ukungu. Sanduku likawa linaonyesha kaduara kanakozunguka, kanazunguka tu, na mume wangu amekakodolea macho kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Hilo ningelivumilia. Lakini picha ikikubali kuja, inatanguliwa na uchafu. Wanawake karibu uchi, wanajinyonganyonga, wanakukonyeza, wanakuambia uje kucheza kamari. Hujawaita. Wanaruka wenyewe katikati ya habari. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshika bakuli la makande, nikaliweka chini. Nikampigia mwanangu simu.

"Hayo ni matangazo tu, mama. Pembeni kuna kimsalaba, kibonyeze, yanaondoka."

Msalaba! Wameuweka kwenye uchafu kama kitasa cha mlango wa choo.

Nilitaka sanduku lirudi Same siku ile ile. Mwanangu akaniomba nivumilie kidogo, kwa sababu tulikuwa na jambo kubwa mbele. Binti yake, mjukuu wangu niliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, alikuwa ameposwa na kijana wa Kisiwani, kijiji cha huko chini bondeni, na baba wa kijana alikuwa anapanda kwetu pamoja na mshenga kumaliza maneno ya mahari. Mjukuu wangu alimpenda yule kijana mpaka akakonda. Mwanangu akasema wageni wakikuta televisheni yenye chaneli za dunia wataona wameingia nyumba ya watu. Kana kwamba bila hiyo tulikuwa kima.

Wakaja. Sasa mtu lazima aelewe, sisi tuliolelewa kizamani mkwe tunamwonea haya. Hatukai naye mkeka mmoja, hatupeani mkono hovyo, na mwanamke hasogei mbele ya mkwe bila kanga yake kiunoni. Yule mzee wa Kisiwani alikuwa wa malezi hayo hayo. Tangu alipoingia alikaa uso kaelekeza dirishani, nami nikakaa karibu na mlango wa jikoni, tunasalimiana kupitia kwa mshenga. Nikampenda. Nikasema moyoni, huyu ni mtu.

Chakula kikaliwa, dengelua, pombe yetu ya miwa, ikanywewa, maneno yakaenda vizuri. Yalibaki machache tu. Ndipo mshenga, mtu wa kujichangamsha, akasema, "Tusikilize habari kidogo, halafu tumalize." Mwanangu hakungoja kuombwa mara mbili. Akawasha.

Kaduara kakazunguka. Halafu akatoka mmoja wa wale wanawake, mkubwa kama ukuta, amevaa nyuzi. Mwanangu akabonyeza rimoti, akabonyeza, mwanamke hatoki, sasa anahema. Anahema, jamani, mbele ya wazee!

Niliruka. Mwili uliamua kabla ya kichwa. Nikaivuta kanga yangu kiunoni, nikaitupa juu ya televisheni, nikaikumbatia isidondoke. Picha ikapotea. Nikageuka nimebaki na gauni jepesi la ndani, lile la kuchumia majani, kwa sababu gauni zuri lilikuwa limemwagikiwa mchuzi nikalivua jikoni, nikijua kanga itanisitiri.

Mshenga akaangalia chini. Mzee wa Kisiwani, ambaye hakuwa ameangalia televisheni hata mara moja, aligeuka kwa kishindo changu, akaniona. Akajifunika uso kwa kofia yake. Akasimama, akapapasa mlango hivyo hivyo, akatoka. Mshenga akamfuata. Dengelua imebaki kwenye kibuyu, mahari imebaki hewani.

Mume wangu akaniambia kwa Chasu, lugha yetu Wapare, taratibu kabisa: "Yule mwanamke alivuliwa na watu tusiowajua. Wewe umejivua mwenyewe."

"Ulitaka nimwache aheme?"

"Bibi, ungechomoa waya tu," mjukuu wangu akasema mlangoni, kisha akaanza kulia, na kulia kule sikuweza kukuvumilia. Nilichomoa ule waya. Nililing'oa na sanduku, nikalitupa kwenye shimo la taka, juu ya maganda ya ndizi. Mwanangu akataka kuliokota. Nikamwangalia, akaacha.

Siku zikapita bila neno kutoka Kisiwani. Mjukuu alizunguka na simu yake mkononi hadi jikoni. Yule kijana alimwandikia kwamba baba yake hajakasirika, ila hawezi kukanyaga tena nyumba ambamo amemwona mkwe wake hivyo mpaka aibu ioshwe. Mimi sikumcheka, alikuwa na haki. Waliokuwa wakicheka ni majirani.

Kwa hiyo ikabidi mume wangu, na magoti yake yale, apakiwe kwenye gari na beberu na dengelua mpya, ateremke Kisiwani akaombe radhi kwa niaba yangu. Mwanangu alimshika mkono njia nzima. Waliporudi mume wangu alikuwa amechoka hawezi kuvua viatu, lakini akasema beberu amepokelewa. Mzee atapanda. Ila maneno yatamaliziwa uani, na mimi nitakaa jikoni mlango umefungwa.

Nikakaa. Mtu aliyemlea yule mtoto mgongoni, nikasikiliza mahari yake kupitia ufa wa mlango, moshi unaniingia machoni. Mshenga aliposema yamekwisha, nilipiga kigelegele humo humo jikoni, kikali, na mzee wa Kisiwani nikamsikia akikohoa kwa heshima kunijibu.

Jioni mwanangu akaingia akanong'ona kwamba lile sanduku la halali bado lipo dukani.

"Mnunulie baba yako redio," nikamwambia, "na unisogezee sufuria."