Sahani Iliyobaki Kwenye Uzio

Usiku ule baba aliponijia, nilikuwa nimeshawashinda wote walioniambia kwamba sitaweza. Hilo lijulikane kwanza. Watu wa kwetu wakisikia mtu ameota marehemu baba yake, husema maisha yamemlemea. Mimi hayajanilemea.

Kijiji chetu kiko juu, chini kidogo ya msitu wa mlima, penye chai na ukungu. Mto wetu ni mwembamba kiasi kwamba mbuzi akikimbizwa anauruka. Ndani yake mna trauti, samaki mwenye madoa apendaye maji ya baridi kali. Wazungu wa zamani ndio waliompandikiza humo, na wazee wetu hawakumgusa. Kwao samaki ni ndugu wa nyoka, na chombo kilichopakuliwa samaki hakirudi kukaa na vyombo vingine vya nyumba.

Nikarudi kutoka Ulaya na diploma yangu ya uvuvi, na fimbo nyepesi, na kisanduku cha vyambo vya bandia: vipande vya shaba, kila kimoja kidogo kuliko ukucha, vinavyozunguka vikivutwa majini mpaka samaki adhani ni kidagaa kinachokimbia. Kijijini waliviita vijiko.

"Bwana Kijiko!" baba mdogo aliniita mbele ya watu kwenye kituo cha kuuzia chai. "Leo umekoroga nini?"

"Maji matupu," mwingine akadakia. "Sukari hana."

Nikawaeleza kwamba wageni watanilipa niwapeleke mtoni, wavue trauti, kisha wamrudishe majini akiwa mzima. Baba mdogo alicheka mpaka akashika nguzo. "Wamshike, wambusu, wamwachie? Hiyo si kazi, kijana. Huo ni uchumba."

Baba, nilipomweleza nyumbani, hakucheka. Alisema neno moja tu, "Hutaweza," akaendelea na uji wake.

Niliweza. Wageni walikuja, kwanza wa Nairobi, kisha wa mbali, na wote walitaka kuongozwa na mimi, si mwingine. Nilijenga nyumba ya mawe, hatua chache kutoka kwa wazazi, bila kuuza hata mche mmoja wa chai ya familia. Diploma niliitia kwenye fremu, nikaitundika sebuleni. Baba alipokuja kunitembelea alichagua kiti kinachoipa mgongo, na kila alipokuja alikaa kiti kile kile.

Jumapili moja nilimpikia jikoni kwa mama. Nilimchagua trauti mzuri, nikamkaanga kwa siagi na limau, nikampakua kwenye sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, ambayo baba aliilia tangu sijazaliwa. Nilidhani sahani yake mwenyewe ingemlainisha. Alimtazama samaki. Akainuka, akatoka na sahani kwa mikono yake, akamtupia mbwa samaki, akaipachika sahani kwenye panda ya mti wa uzio, nje kabisa, na kurudi kukaa.

"Sasa nitalia kwenye nini?" akamuuliza mama, kana kwamba mimi sipo.

Mvua zilizofuata zilimkuta kitandani, na kabla hazijakatika tulimzika. Mtoni hakuwahi kushuka hata siku moja. Sahani ilibaki kwenye uzio.

Usiku wenyewe nililala vizuri. Nilikuwa nimetoka kuwaongoza watu wazito, wamenisifu. Ghafla nikawa mtoni, asubuhi, ukungu umelala juu ya maji. Nasimama chini ya kidimbwi ninachokipenda kuliko vyote, kile chenye jiwe lililopasuka, na sishangai kumwona baba amekaa juu ya jiwe hilo. Amevaa koti la kahawia tulilomzika nalo. Suruali ameikunja hadi magotini. Viatu hana, na miguu yake imo ndani ya maji, myeupe kwa baridi. Sahani iko mapajani.

"Nionyeshe," akasema.

Tangu nirudi nyumbani nilikuwa nimelisubiri neno hilo.

Basi nikamwonyesha. Nilimwonyesha kama nisivyowahi kumwonyesha mgeni yeyote. Nilinyata kutoka chini, kwa kuwa trauti hulala akielekea mkondo unakotoka, na ukimjia kutoka nyuma hakuoni. Nikainama ili kivuli changu kisiguse maji. Nikarusha kijiko juu ya mkondo, kwenye kijishimo kidogo kando ya mizizi, mahali ambapo wengi hunasisha mshipi kwenye matawi. Kikatua bila kishindo. Nikaanza kukivuta, kwa kasi kidogo kuliko mto, kidogo tu, mpaka nikakisikia kikizunguka kwenye vidole vyangu.

Hakuna kitu.

Narusha tena. Hakuna. Namwangalia baba, anautazama mto, hanitazami mimi. Narusha mara nyingine, kwa mikono hii ambayo wageni huipiga picha. Nataka kumwambia kwamba siku nyingine zote huwa wanashika, muulize yeyote, lakini sauti haitoki. Mto unapungua. Mawe yanajitokeza migongo. Nafikiri, atasema lile neno lake. Sasa hivi atalisema.

Mshipi ukakaza.

Alikuwa mkubwa, na aliyatibua maji yote yaliyobaki. Nikamleta polepole mpaka kwenye miguu ya baba. Hapo baba akafanya jambo ambalo hata sasa sijalisahau. Kabla ya kumgusa samaki, aliinama akailowesha mikono yake kwanza, yote miwili, mbele na nyuma. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha wageni, kwa sababu mkono mkavu humchubua trauti utelezi wake, na ukimrudisha majini anakufa siku za baadaye pasipo mtu kujua. Mtu wa kijijini kwetu hajui hilo. Hujifunza kwangu, au hajifunzi.

"Baba, nani amekufundisha?"

"Nilikuwa nakuona," anasema. "Kutoka kwenye chai."

Shamba letu la chai hushuka hadi karibu na mto. Nikainua macho, na kweli, pale juu, kati ya mistari ya chai, koti la kahawia limesimama, na baba huyuhuyu amekaa mbele yangu.

Kisha tukawa sebuleni kwangu. Mto unapita juu ya sakafu, chini ya viti, bila kelele. Baba amekaa kiti kingine, kinachoelekea ukuta. Anaitazama diploma. Trauti yumo kwenye sahani ya buluu, mashavu yanafunguka na kufungika.

"Mwambie mama yako," akasema, "airudishe sahani ndani."

Nikangoja aongeze. Nilitaka aseme lile jingine, kwamba niliweza, neno moja tu kama alivyosema moja tu lile la kwanza. Nikafungua kinywa nimwombe, maji yakaingia, baridi, yana ladha ya majani. Nikaamka.

Sikusubiri kunawa uso. Nilikwenda kwa mama nikamkuta jikoni anachochea moto. Nikamsimulia yote, kidimbwi, koti, mikono iliyoloweshwa. Hakugeuka. Nilipofika kwenye sahani, alibaki na ukuni mkononi.

"Alikuambia wewe?"

"Aliniambia nikuambie."

"Nimelala na yule mtu tangu nikiwa msichana. Hajanijia hata mara moja. Leo anatuma salamu kupitia wewe, ambaye alikununia mpaka kufa kwake?"

Kisha nikamuuliza nililokuja kuuliza hasa. "Mama, baba alikuwa akishuka kwenye chai? Kuniangalia nikiwa na wageni?"

Akageuka sasa. Nilijua kabla hajasema, kwa namna alivyotafuta jibu la upole asilipate.

"Baba yako goti lilimkataa mteremko kabla hujarudi kutoka Ulaya. Chai ile aliiona mara ya mwisho wewe ukiwa huko. Mwisho wake ulikuwa hapo kwako, hatua chache, nikimshika."

"Labda siku ambayo hukuwepo."

"Nilikuwepo siku zote." Akaurudisha ukuni motoni. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Alikuwa na baridi?"

Niliikumbuka ile miguu myeupe ndani ya maji.

"Hapana, mama. Jua lilikuwa limetoka."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikadhani amelainika, nikatoka hadi kwenye uzio. Sahani ilikuwa bado kwenye mti wake, ukingo wa buluu umeliwa na kutu, ndani mna maji ya mvua na majani. Nikamwaga maji, nikaifuta kwa shati langu, nikaja nayo hadi kizingitini.

"Irudishe ulikoitoa," mama akasema kutoka ndani.

"Lakini amesema..."

"Aliitoa yeye kwa mikono yake. Wa kuirudisha ni yeye. Ukimwona tena, mwambie aje aniambie mimi."

Nikaipachika tena. Asubuhi hiyo nilikuwa na wageni mtoni. Waliona trauti wengi, wakanipigia makofi, na kila aliyemshika samaki nilimkumbusha kulowesha mikono. Kila mara niliinua macho kwenye chai. Wachumaji tu, na vikapu vyao mgongoni.

Tangu siku ile nalala mapema. Ujumbe wa mama ninao, neno kwa neno, na lile swali langu la kwenye chai ninalo pia. Baba hajarudi.