Amina ya Nangila

Nangila, au Mama Khisa, mwenyekiti wa chama cha akina mama Kiminini, ndiye aliyewashawishi wenzake wanunue hisa za kampuni inayojaribu dawa ya selimundu, ule ugonjwa wa damu. Juzi alimpelekea mwanachama mwenzake Nasambu sukari, maana mwana wa Nasambu yumo kwenye majaribio hayo. Akamkuta mtoto amevimba vidole licha ya dawa, analia. Nangila akatoka mbio, simu mkononi, akauza hisa zake kabla matokeo hayajatoka. Za wenzake? Hakuwaambia wauze; kimya, kama maji mtungini.

Leo chama kilipokutana, Nasambu alimshika Nangila mkono. "Mama Khisa, asante. Ulivyotoka mbio na simu, nilijua unatuitia daktari. Tulimngoja mpaka giza. Sasa si utuombee, dawa ifaulu?"

Wote wakainamisha vichwa, wakimsubiri aanze. Nangila akafumba macho, akasema tu, "Amina."