Sita Yetu Haikuwa Sita

Sifa zote ni za Mungu, Mola aliyekipa kila kitu kipimo chake: mto mwendo wake, mvua saa yake, na mti miaka ya kukomaa ambayo hakuna fundi awezaye kuiharakisha. Ninamshukuru kwa umri alionijalia, na ninamwomba anichungie ulimi ninaposimulia jambo hili dogo la karakana yetu hapa Kisangani.

Mimi nilifanya kazi ya mbao kwa randa na patasi. Karakana sasa iko mikononi mwa mkwe wangu, mume wa binti yangu, naye ni mtu wa mashine. Anayoipenda kuliko zote ni ile inayoshika kisu na kukizungusha kwa kasi ili kichimbe mifereji na nakshi kwenye ubao. Sisi tunaiita defonsezi, na kile kisu chake tunakiita frezi. Mkwe wangu ameipindua na kuifunga chini ya meza, frezi ikichomoza juu kupitia tundu, na yeye anasukuma ubao kwa mikono yake miwili. Binti yangu na wanawe wanakula kwa mikono hiyo.

Ubavuni mwa mashine kuna gurudumu dogo la kuchagua mwendo, limeandikwa moja hadi sita. Umeme wa mji huku unakwenda na kurudi upendavyo, kwa hiyo siku nyingi tunatumia jenereta, na jenereta yetu ni dhaifu. Mashine ikila umeme wa jenereta inalegea, inanung'unika, inachoma ubao badala ya kuukata. Dawa ya mafundi wa mtaa wetu ni kulizungusha gurudumu hadi mwisho, kwenye sita. Basi neno limetoka karakana likaingia mtaani. Mtu akitembea polepole anaambiwa, "Tia sita!" Mwenye toleka akipanda kilima na abiria mnene nyuma ya baiskeli, watoto wanampigia kelele, "Tia sita, tonton!" Hata kwenye arusi nimesikia wapiga ngoma wakiambiwa hivyo.

Asubuhi moja mkwe wangu alirudi kutoka Makiso, katikati ya mji, akiwa na furaha, amekumbatia kifurushi. Mfanyabiashara mmoja wa huko, mzaliwa wa Kivu ya Kaskazini, alikuwa ameagiza kwetu milango ya nyumba yake, ya mbao ya lifaki, yenye paneli zilizoinuka katikati na kuteremka pembeni. Kwa kazi hiyo mkwe wangu alikuwa amenunua frezi ambayo sijapata kuona mfano wake: chuma chenye mabawa mawili, kipana kama mdomo wa kikombe cha chai. Zile tulizozoea hazizidi unene wa kidole.

Aliifunga mashineni. Umeme wa mji haukuwapo, jenereta ilikuwa inanguruma uani. Nikamwuliza, "Utaitembeza namba ngapi?"

"Sita, papa. Iko mukubwa, donc inaomba nguvu mingi."

"Apana," nikasema. "Iko mukubwa, kwa hiyo itembee polepole."

Jirani yetu, fundi wa viti, Mkatoliki mcheshi ambaye hunywa chai kwetu zaidi ya kwake na huniita Mwalimu, akacheka hadi chai ikamwagika. "Mwalimu, unataka frezi itembee kama watu wanasindikiza maiti?"

Nilitoka nje, nikamwomba mwenye toleka aliyekuwa akipumzika mlangoni aipindue baiskeli yake. Nikachora alama ya chaki karibu na kitovu cha gurudumu, na nyingine kwenye tairi. Nikalizungusha. "Zote mbili zimemaliza muzunguko pamoja," nikamwambia mkwe wangu, "lakini ya inje imekimbia safari murefu zaidi. Frezi kidogo iko kama hii ya katikati. Yako iko kama ya kwenye tairi. Ukiizungusha kwa mwendo wa ile kidogo, ncha zake zitakimbia kupita kiasi. Itatetemeka, itanyakua ubao, na mikono yako iko juu ya ubao."

"Papa, baiskeli na mashini haiko kitu moja."

Niliifungua frezi kutoka mashineni, nikasugua shina lake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Yakatokea maandishi madogo: isizidi mizunguko elfu kumi na mbili kwa dakika. Kisha tukasoma bamba la mashine. Mwendo wake wa juu ulikaribia mara mbili ya huo.

Akatikisa kichwa. "Lakini kila siku tunafanya na sita, na haijaua mutu. Mimi najua sauti ya sita. Sita iko mupole."

Hapo alisema kweli. Mimi pia nilikuwa naijua sauti ile, na ilikuwa ya upole.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Nilijua nikiondoka tu, jirani atamchochea naye atawasha. Nikachomoa waya wa mashine ukutani, nikafungua kichwa chake, ile plagi, kwa bisibisi, nikakitia mfukoni mwa kanzu.

"Papa! Unanifanya kama mutoto?"

"Mutoto ningemufukuza hapa. Wewe ninakuchunga."

"Mwalimu ameenda kuswali na plagi!" jirani akapiga kelele barabarani. "Leo hata malaika watapata courant, umeme wa bure!"

Watu walicheka. Nami nilicheka njiani, lakini mkono wangu haukutoka mfukoni. Niliswali, nikamwomba Mungu anipe neno la kumfikia mtu ambaye si mkaidi, bali ameamini masikio yake.

Niliporudi, umeme wa mji ulikuwa umekuja na jenereta imezimwa. Nikaona hapo ndipo pa kuanzia. Nikamrudishia kichwa cha waya, nikamwambia aiache kando frezi kubwa, atie ndogo aliyoizoea, ambayo mwendo wa juu unaifaa. Atie sita. "Ubao tuuache pembeni," nikasema. "Sikiliza tu."

Akawasha. Sauti iliyotoka hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu. Haikunung'unika, ilipiga yowe. Vumbi liliruka mezani, na jirani akaweka gilasi yake chini. Mkwe wangu akazima. Tukaunganisha kwa jenereta, namba ileile, frezi ileile, na sauti ikawa ile ya upole tuliyoizoea.

Alisimama akiitazama mashine. Halafu akasema polepole, "Kumbe ile tulikuwa tunaita sita, haikuwa sita."

"Ilikuwa nini?" jirani akauliza.

"Sijui. Pengine tatu, pengine mbili. Sita ya kweli hatujaitumia na frezi yoyote mukubwa. Na mimi nilikuwa nataka kuiacha gurudumu pale. Courant ingerudi..." Aliitazama mikono yake, akaipangusa kwenye suruali.

Alifunga frezi kubwa upya. Aliingiza shina karibu lote, akalirudisha nyuma kidogo lisigote chini, akakaza. Akarudisha waya kwenye umeme wa mji, na gurudumu kwenye moja. Binti yangu alikuja na rangi yake ya kucha, nyekundu, akaweka nukta kubwa kwenye ile moja. "Hapa," akamwambia mume wake, "na usinipotezee rangi." Tukachukua kipande kibovu cha lifaki kwa majaribio. Alikata kidogo tu, unene wa ganda la ndizi, akisukuma ubao kupingana na mzunguko wa kisu. Akaipandisha frezi kidogo, akapita tena, na tena. Ukingo ukatoka laini, bila alama ya moto.

Alikuwa katikati ya paneli ya kwanza ya mlango wenyewe umeme ulipokatika. Jirani akakimbia uani akavuta kamba ya jenereta. Mashine ikaamka kwa uvivu, ikalia kama mtu mwenye homa, frezi ikakwama kwenye mbao ngumu. Kwenye moja, kwa jenereta ile, haikuwa na nguvu ya kukata kitu. Mtu alikuwa akisubiri milango yake, na mchana ulikuwa unakwisha.

"Sasa hapa huna njia," jirani akasema. "Tia sita!"

Niliuona mkono wa mkwe wangu ukienda kwenye gurudumu. Ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu unavyokwenda kukuna. Nikamwacha, maana sitakuwa karibu naye kila siku na plagi mfukoni. Mkono ulifika kwenye ile nukta nyekundu ukasimama. Kisha akazima mashine, akachomoa waya yeye mwenyewe, akangoja kisu kisimame kabisa ndipo akauondoa ubao.

"Tunangoja courant," akasema.

"Na kama haikuje leo?"

"Bon, itakuja kesho. Mwenye milango atanikasirikia, halafu atanisamehe. Hii," akainua mkono wa kuume, "haina kesho."

Umeme haukuja siku ile. Alituma ujumbe Makiso kwamba milango itachelewa, akatukanwa kidogo kwa simu, akavumilia. Jioni alichukua birika akakaa kwenye ngazi kutawadha kwa magharibi. Nilimtazama akipitisha vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, maji yakipenya kila mahali, hakuna kilichopungua. Nikasema alhamdulillah, nikaenda kusimama kwenye safu.

Nawe unayesoma, Mungu akuzidishie riziki ya halali na subira ya kuingoja. Akuonyeshe kipimo cha kila chombo unachokishika, na kila jioni akurudishe kwa watu wako ukiwa mzima. Amina.