Brashi Niliyoiweka Chini Ruiru

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye studio alinimwagia brashi mezani akaniambia nichague moja ya kutupa.

"Ya kutupa, bwana?" nikamuuliza.

"Kuchagua nzuri, kila mtu naweza," akasema. "Wewe onyesha mimi mbaya."

Hapo ilikuwa Thika, kwenye barabara ya maduka ya Wahindi, katika miaka ya hamsini, na Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ilikuwa imepamba moto. Jina langu ni Nyokabi. Nilikuwa msichana aliyetoka nyumba isiyo na kioo, na kazi niliyoandikwa ilikuwa ya kuwapaka watu poda kabla ya kupigwa picha. Wengi hudhani ilikuwa kazi ya urembo. Haikuwa. Taa za studio zilikuwa kali, na uso wenye jasho ulimetameta kwenye picha kama sufuria iliyosuguliwa. Poda ilikuwa ya kuzima mmeto huo, basi.

Nilizishika moja moja. Iliyopendeza kuliko zote ilikuwa na mpini mwekundu, lakini nilipoipitisha kiganjani iliniachia nywele. Nikaisukuma kando. Mwenye studio, Mhindi wa sauti ndogo ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akaiokota na kuitia kwenye pipa. "Kesho kuja mapema," akasema.

Aliyonifundisha siku hizo za mwanzo bado nawafundisha wasichana, maana hayajachakaa. Brashi ina nywele, ina mpini, na kati yake ina shingo ya bati inayozishika nywele. Mgeni dukani hutazama mpini. Mpini haugusi uso wa mtu. Anza na shingo: itikise, na ikicheza ujue gundi imekufa, iache hapohapo. Kisha zivute nywele polepole. Brashi mpya inaweza kuachia unywele mmoja, lakini ikiendelea kumwaga, itakuja kumwaga kwenye midomo ya bibi harusi. Halafu ipitishe shingoni mwako. Usijaribie mkononi, mkono uliozoea jembe haujui kulalamika. Shingo yako itakuambia mara moja kama nywele zilikatwa kwa mkasi, kwa sababu ncha iliyokatwa huchoma na ncha ya asili hulala.

Brashi ya poda tuliitaka ya nywele za mbuzi, nene na laini. Ya nyusi ilikuwa fupi na ngumu, ya nywele za nguruwe. Ya midomo ilikuwa nyembamba kama ya mchoraji. Anayeanza hahitaji zaidi ya hizo. Anayekuuzia mkoba uliojaa brashi za kila namna anakuuzia mkoba.

Shida yetu pale studio haikuwa brashi, ilikuwa poda. Tulikuwa na ya aina moja tu, ya rangi ya waridi, iliyotengenezwa kwa ngozi ya Mzungu. Wateja wetu wengi walikuwa Waafrika: makarani, maharusi, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliovaa koti la kuazima. Niliwapaka wote kama nilivyoamriwa, na wote walitokea kwenye picha na uso wa majivu juu ya shingo zao wenyewe.

"Watu napenda kuwa mweupe kidogo," mwenye studio alisema. Wengine walipenda kweli, sikatai.

Mama Karanja hakupenda. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka upande wa Ngoliba. Mumewe alikuwa kizuizini, na alikuwa amepata njia ya kumpelekea picha. Nilipomaliza kumpaka nilimpa kioo. Alijitazama, akakirudisha.

"Nyokabi, nitoe hii."

"Ni kwa ajili ya taa, mama."

"Baba Karanja hajaniona tangu wamchukue. Akipokea picha hii atajua nimekufa na watu wanamficha. Nitoe."

Mwenye studio akatikisa kichwa. Bila poda hapigi, picha itaharibika, na picha mbaya ni jina lake. Mama Karanja akakaa kitini, mikono mapajani, wala hakuinuka. Mimi nikachovya kitambaa majini nikaanza kumfuta.

"Nyokabi, nani sema wewe futa?"

"Bwana, nipe mpaka wiki ijayo. Atarudi, na nitampaka mmeto uzimike. Lakini atakuwa na sura yake."

Sikujua nitafanyaje. Nilisema kwanza, nikafikiri njiani. Nyumbani, cucu, nyanya yangu, alikuwa bado na thiriga, ule udongo mwekundu ambao watu wa zamani walijipaka siku za sherehe. Niliutwanga, nikauchekecha kwa kitambaa mara nyingi mpaka ukawa laini kama unga, nikauchanganya na poda kidogo kidogo huku nikiujaribu kwenye taya langu. Rangi ilipokubali, brashi ikakataa. Udongo ni mzito kuliko poda, na ile brashi nene iliurusha kila mahali isipokuwa usoni. Nilihitaji brashi fupi iliyobanana, ya kukandamiza wala si ya kufagia. Kukata haikuwezekana, nimeshawaambia kuhusu ncha. Basi tata yangu, dada ya baba, akaniletea nywele za mbuzi wake, nikazipanga ncha zote upande mmoja, nikazifunga kwa uzi na kuzitia gundi ndani ya shingo ya brashi kuukuu. Ilikuwa mbaya kwa macho. Shingoni mwangu ililala kama manyoya ya kifaranga.

Mama Karanja alirudi. Nikampaka, akapigwa picha. Picha ilipotoka ndani ya maji mwenye studio aliishika kwa ncha za vidole akaitazama kwa muda. Alikuwa ni yeye, Mama Karanja, mweusi wake uleule, hata lile kovu dogo la nyusi lilionekana.

"Sawa," akasema. "Lakini kwa ambao naomba tu. Hapana omba, paka ya zamani."

"Ndiyo, bwana," nikajibu. Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila anayeketi kitini kama anaomba.

Habari hizo zilinipeleka Ruiru. Kule kwenye mashamba ya kahawa walowezi walikuwa na kilabu chao, na wake zao walipenda kuigiza michezo jukwaani. Bibi mmoja aliyesimamia michezo hiyo alikuja studio kupigwa picha, akaona mkono wangu, akamwomba mwenye studio aniachilie. Sisi wafanyakazi tulimwita Memsahibu wa Maigizo. Alinipa chumba nyuma ya jiko la kilabu, na pasibuku yangu, kitabu cha ruhusa ya kutembea na kufanya kazi, ikaandikwa kwamba nafanya kazi Ruiru. Katika siku zile maandishi hayo yalikuwa uhai. Mkikuyu asiye na mwajiri alirudishwa kijijini, na vijiji vya Imajensi vilikuwa na ua wa miti iliyochongwa, askari langoni, na handaki ambalo wanawake walilichimba kila siku bila ujira.

Memsahibu alijua kazi, nami nilimheshimu kwa hilo. Kwake nilijifunza rangi ya mafuta, ambayo ni nzito na hung'ang'ania uso mtu akitoka jasho jukwaani. Rangi hiyo haitaki nywele za mbuzi, huzinywesha mafuta zikagandamana. Inataka brashi bapa, yenye nywele ngumu kidogo zinazopinda zikarudi. Na iliyoingia kwenye mafuta hairudi tena kwenye poda hata uioshe namna gani. Alinifundisha pia kuzilaza brashi baada ya kuzisafisha. Ukizisimamisha zikiwa mbichi, maji hushuka kwenye shingo na kuozesha gundi. Niliwapaka malkia, wezi na wazee wa kizungu kwa misimu kadhaa, na nilikuwa mzuri. Sitaona haya kusema.

Kisha ukaja mchezo wenye boi. Bwana Msimamizi wa shamba moja la jirani ndiye aliyepewa nafasi ya huyo boi, mtumishi Mkikuyu mjinga anayevunja vyombo na kuiba sukari. Katika mazoezi alikuwa akichechemea huku akirudia, "Ndio bwana, ndio bwana," na wenzake wakiangua kicheko. Mpishi wa kilabu, mzee Gathecha, alikuwa mlangoni na sinia la chai. Mzee Gathecha alichechemea tangu ujana wake, na kila mtu mle ndani alijua ni mwendo wa nani ulioigwa. Alisubiri wamalize kucheka ndipo akaingia kuwapa chai.

Siku ya onyesho Memsahibu aliweka kopo mbele yangu. Ndani mlikuwa na rangi nyeusi ti, kama ya viatu.

"Paka Bwana Msimamizi hii. Uso yote. Halafu mdomo nyekundu, kubwa sana, mpaka hapa."

"Awe nani, Memsahibu?"

"Boi. Nyeusi kama wewe."

Nikaweka mkono wangu kando ya lile kopo. Waliokuwa chumbani wote wakauona. "Mimi si rangi hii," nikasema. "Hakuna mtu wa rangi hii."

Bwana Msimamizi, kitambaa kikiwa tayari shingoni, akacheka akasema tufanye haraka. Memsahibu hakucheka.

"Nyokabi, hii ni mchezo tu. Paka."

"Mimi napaka nyuso, Memsahibu. Huu si uso."

"Wewe nakataa?"

Nilifikiria handaki. Nilimfikiria mama. Nikaiweka brashi chini.

"Nakataa."

"Basi kazi yako kwisha. Leo. Sasa."

Nilisafisha brashi zote nilizokuwa nimetumia mchana ule, nikazilaza, nikachukua ile yangu ya mbuzi na nguo zangu. Mzee Gathecha alinifuata mpaka kwenye mibuni ya kwanza ya shamba.

"Msichana wangu, umejitafutia taabu kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako, guka," nikamwambia kama ninayemwita babu. "Rangi aliyoitaja ni yangu."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akarudi jikoni. Nilisikia baadaye kwamba Memsahibu alimpaka yule bwana mwenyewe, na watu wakacheka kama walivyotaka. Sikuuzuia mchezo ule. Sikuweza. Nilichoweza ni mkono wangu usiwemo.

Kijijini nilichimba handaki kama wengine. Mkuu wa kijiji, aliyekuwa Mkikuyu kama sisi, alinipa sehemu yenye mawe kwa sababu alikuwa amesikia habari zangu. "Huyu ndiye anayechagua kazi," alikuwa akiwaambia askari. Jioni mama alinipaka mafuta ya kondoo kwenye malengelenge, na kwa siku nyingi hakuniuliza lolote. Halafu akauliza.

"Nyokabi, si ungempaka tu? Rangi huoshwa."

"Yake inaoshwa, maitu. Yangu je?"

Akaendelea kunipaka mafuta. Alikuwa na hasira nami, na alikuwa na haki, kwa maana taabu yangu ilikuwa yake pia. Lakini hakurudia swali hilo.

Vizuizi vilipolegea na tukaanza kuruhusiwa kwenda mjini, nilienda moja kwa moja Thika nikasimama mlangoni mwa studio, mikono ikiwa bado na sugu za handaki. Mwenye studio alikuwa amezeeka ghafla. Ndani kulikuwa na msichana mwingine akimpaka mwanamume poda ya waridi.

"Nimesikia maneno ya Ruiru," akasema. "Sasa nataka kazi?"

"Nataka. Lakini poda nachanganya mimi, kwa kila mtu rangi yake. Hakuna kungoja aombe."

"Wewe kichwa ngumu sana, Nyokabi."

"Ndiyo, bwana."

Akatazama barabarani, akanitazama tena. "Ingia basi. Funga mlango, vumbi naingia."

Nilifanya kazi pale mpaka studio ikabadilisha wenyewe, nami nikawafunza waliokuja nyuma yangu, yule msichana akiwa wa kwanza.

Karibu na uhuru, kabla bendera haijabadilishwa, Memsahibu wa Maigizo aliingia. Alikuwa anauza vitu vyake arudi kwao, na alitaka picha ya safari. Aliponiona alisimama kidogo, kisha akaketi kitini.

"Wewe bado kumbuka mimi?"

"Nakumbuka, Memsahibu. Inua kidevu."

Nilichukua brashi laini ya poda, nikachanganya waridi na manjano kidogo kwa sababu jua lilikuwa limemchoma, nikampaka uso wake mwenyewe, si uso mwingine. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Kazi mzuri," akasema.

"Najua," nikamjibu.

Hakuomba radhi, nami sikumpa. Kuna wanaotaka niseme kwamba nilimsamehe siku ile, hadithi iishe vizuri. Nilimpaka vizuri. Hilo ndilo nililokuwa nimeandikwa kulifanya.

Sasa nimestaafu, nakaa Ngoingwa kwa binti yangu. Wasichana wanaoanza kazi hii huja kuniuliza wanunue brashi gani, na nawaambia haya ya shingo, ya ncha na ya mafuta. Wengine huchoka kabla sijamaliza. Wengine huniuliza kama kweli ilistahili kupoteza kazi kwa ajili ya kopo la rangi. Nawaambia ilistahili, na kwamba hata leo ningechimba handaki lile, na miguu hii mibovu.

Mwaka jana familia ilinifanyia sherehe. Mjukuu wangu Wairimu, ambaye sasa naye hupaka maharusi, akataka kunipamba kabla ya picha. Wageni walikuwa wamejaa uani, chakula kimeshapakuliwa, mchungaji anangoja kuomba. Akafungua kiboksi chake, akaanza na taya. Nikaomba kioo.

"Wairimu, rangi hii si yangu."

"Shosho, hiyo ndio walikuwa nayo dukani. Si ni sawa tu? Kwa picha haitaonekana."

"Rudi mjini ukatafute yangu."

"Shosho! Watu wanangoja. Chakula kitapoa."

"Kipoe," nikamwambia.

Akaenda. Wageni wakangoja, mchungaji akangoja, nami nikakaa kitini pangu, uso nimeshaufuta, nikiwatazama wote.