Stanslaus na Mkwaju wa Matubwitubwi

Stanslaus Maduhu ni mlinzi wa geti la kampuni moja inayohudumia migodi, hapa Bugarama, na kwa miaka tisa hajachelewa kazini hata siku moja. Namjua vizuri kwa sababu mimi ndiye ninayempakulia ugali kantini. Ni mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, baba wa watoto wanne, mpole mpaka anaudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye waliyetaka kumfukuza kazi kwa utoro, na nikikumbuka mpaka leo damu inanichemka.

Yalianza mwezi wa tatu, Stanslaus alipopatwa na matubwitubwi, ule ugonjwa wa watoto wa kuvimba mashavu. Wenzake huugua wakiwa darasa la pili, wanamaliza. Yeye aliusubiri mpaka akaota mvi. Shavu la kushoto lilivimba hata mkanda wa kofia ngumu ukakataa kufunga. Nilipomwona kwenye foleni ya chai nilidhani ameficha kiazi mdomoni, nikamwambia akiteme. Mungu anisamehe.

Zahanati ilimwandikia mapumziko ya siku tatu, na mkewe Nyamizi akaileta karatasi mwenyewe. Mpaka hapo hakuna ubaya. Siku ya nne, sare imeshapigwa pasi, shavu la kulia nalo likaitika. Hapo mtu mwenye akili zake angerudi zahanati kuchukua karatasi nyingine. Stanslaus akampigia simu mama yake aliyeko Runzewe.

Bibi yule akamwuliza kama ameshakwenda kuyaacha. Maana kwetu matubwitubwi hayatibiwi, yanapelekwa. Unajitwisha kuni kichwani, unauzunguka mti, unayaambia yabaki hapo hapo, unatupa kuni na kurudi nyumbani. Usigeuke nyuma, na ukiitwa usiitike, hata aite nani, la sivyo yanakufuata. Karibu kila mtoto niliyekua naye alifanya hivyo. Mwenye ndevu sijawahi kumsikia.

Lakini mayu, mama mzazi, ameshasema, utabisha? Stanslaus akajifunga khanga ya mkewe kuzunguka mashavu, akajitwisha kuni, akaenda kwenye mkwaju ulio kando ya barabara. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nani akapita na pikipiki kama si Marcel, msimamizi wa walinzi! Akamwona mlinzi wake, mgonjwa, anazunguka mti na kuni kichwani. Akamwita. Stanslaus akakaza mwendo. Akamwita tena, kwa jina na namba ya kazi. Stanslaus akatupa kuni, akatimua mbio. Mara ya tatu Marcel alimwita pikipiki ikiwa sambamba naye, bega kwa bega, na Stanslaus anakimbia huku ametazama mbele kama hamjui.

Mashavu yakanywea. Aliporudi kazini akakuta barua inamsubiri. Kanuni za kampuni zinasema ukikosa kazini zaidi ya siku tano bila sababu ya kukubalika, kazi huna, na yeye alikuwa na siku sita zisizo na karatasi. Juu ya hapo aliandikiwa kwamba alionekana akifanya biashara ya kuni, na kwamba alimkaidi kiongozi wake kwa kukimbia. Akaja kantini na ile barua. Alisema bado hajamwambia Nyamizi, na kwamba nje ya lile geti hajui kazi nyingine ya kulisha watoto wanne. Kanuni zinamruhusu mtuhumiwa kuja na mfanyakazi mwenzake wa kumsemea, lakini wanaume wote aliowaomba siku hiyo walikuwa na dharura. Nikavua aproni.

Kikao cha nidhamu kiliongozwa na Bi Vaileth, mkubwa mmoja aliyeletwa kutoka ofisi ya Dar es Salaam. Alimwuliza Stanslaus kwa nini alimkimbia bosi wake. Stanslaus akasema angeitika, matubwitubwi yangemrudia. Bi Vaileth akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema kikao hakiamui mambo ya miti. Alichotaka kujua ni kimoja tu: zile siku sita, huyu bwana aliumwa kweli au hakuumwa? Marcel akadakia kwamba mgonjwa hawezi kukimbia sambamba na pikipiki. Hapo, nikiri, alikuwa na hoja.

Nikaomba kumwuliza Marcel maswali. Nikamwuliza alikulia wapi, akasema Ngokolo, pale Shinyanga mjini. Nikamwuliza kama aliwahi kuumwa matubwitubwi. Akasema hakumbuki. Nikamwambia, "Baba Abel, mimi na wewe tumezaliwa huku huku. Sema kweli, mwenzio anapoteza kazi."

Akainamia meza. Akakubali kwamba aliumwa, akiwa na miaka tisa, na kwamba bibi yake alimtwisha kuni akampeleka mtini. Ila hakufikiri mtu mzima anaweza kufanya mambo hayo.

"Na wakati unarudi," nikamwuliza, "hakuna aliyekuita?"

Bi Vaileth akainua kichwa kumtazama Marcel.

"Mama aliniita," akasema. "Alikuwa anatoka sokoni, hajui bibi kanituma. Aliniita mara tatu, nikampita."

"Ikawaje?"

"Alinichapa. Alisema nimemdharau mbele ya watu." Akakuna shingo. "Mpaka leo naona alinionea."

Marcel mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia alichokisema. Nilimwona uso ukimbadilika kidogo kidogo. Bi Vaileth akaweka kalamu chini, akamwuliza kama bado anataka Stanslaus afukuzwe. Marcel akasema hataki, na kwamba mtu yule alikuwa mgonjwa, yeye mwenyewe ni shahidi.

Stanslaus alipewa onyo la maandishi kwa kutorudi zahanati, na hilo alistahili kabisa, mjinga yule. Kazi ikabaki yake. Mimi nililia pale pale mbele ya watu wa ofisini, wala sikuona haya.