Kichwa cha Mashine Kilichohamia Mikumi

Baba hakuwa mtu wa jembe, na alipenda watu walijue hilo. Tangu kabla ya Uhuru alikuwa fundi katika karakana ya shamba la mkonge karibu na Kimamba, na mwenye shamba alipoondoka alimwachia mashine ya kukerezea vyuma. Dude zima la chuma, refu kuliko kitanda, la kuendeshwa kwa kukanyaga. Lilijaa baraza letu lote, wageni wakakosa pa kukaa. Mama aliwaambia majirani kwamba yeye ni mke mdogo tu, mke mkubwa yuko barazani. Baba alipokuwa kwenye mashine aliimba. Mahali pengine sikupata kumsikia akiimba.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Chanzuru. Vitanda, mabati na kuku vilipanda trela la kijiji, mashine ikabaki peke yake kwenye nyumba isiyo na paa. Baba akawa anatembea kwenda kuifunika majani mvua isiipate. Mwishowe alisimama mkutanoni akasema anaitoa iwe mali ya kijiji. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: trela litaileta, na wa kuiendesha si mwingine ila yeye. Watu wakampigia makofi. Nilijivunia baba yangu siku ile, siwezi kukataa.

Ililetwa vipande vipande kwa sababu ya uzito. Mwenyekiti akauliza itakaa kwa nani. Ikikaa kwa fundi, itakuwa bado yake. Ikikaa kwa mwenyekiti, watu watasema. Ndipo mtu mmoja akatoa wazo ambalo likinijia hata leo natamani kupiga meza: kila balozi wa nyumba kumi atunze kipande kimoja, siku ya kazi vikutanishwe, asipatikane wa kuitumia kwa faida yake binafsi. Baba angekataa pale pale. Lakini siku zile jina la mnyonyaji likikupata linakufuata hadi kisimani. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nikamwona ananyoosha mkono pamoja na wenzake, taratibu, kama anayeinua ndoo iliyojaa.

Kazi ilikuja wakati wa mavuno, ekseli ya mkokoteni wa kijiji ilipokatika. Baba akapita kwa mabalozi kukusanya vipande, uso umemchangamka. Kilichokosekana ni kichwa, kile kinachokishika chuma kisicheze. Bila kichwa, mashine ile ni meza tu. Balozi aliyekabidhiwa alikuwa amepata kazi Mikumi, akahama nacho.

Tulipanda garimoshi Kilosa, mimi na baba, tukamfuata. Alitupokea kwa furaha, akamwamkia baba shikamoo, akatuwekea viti, akaingia ndani akatoka na kichwa kimefungwa katika khanga ya mkewe. Kilikuwa kinang'aa.

"Nakipaka mafuta kila Ijumaa, mzee wangu," alisema.

"Umefanya vizuri sana, mwanangu. Sasa nipe nikirudishe, kazi imepatikana."

Yule kijana akaanza kukifunga tena. "Nisamehe mzee. Mimi nimekabidhiwa na mkutano. Nikikutolea wewe peke yako, nitakuwa nimegawa mali ya umma. Mkutano ukae, uniambie."

Nilitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, baba akanigusa goti. Angemwambia nini? Sharti lile alilipitisha yeye mwenyewe kwa mkono wake. Laiti yule kijana angekuwa mwizi! Mwizi tungemshtaki.

"Basi endelea kukitunza," baba akasema, na tukala ugali wao, tukaaga.

Mkutano haukuitishwa. Mkokoteni ulifungwa gogo badala ya ekseli, ukasukumwa siku mbili tatu, watu wakarudia kubeba kichwani. Baba alichukua jembe kama sisi wote na hakulizungumzia tena jambo lile. Nilisubiri alalamike, hata kidogo, nipate pa kuanzia. Hakulalamika, akalima hadi akazeeka.

Alipofariki, mzee aliyeongoza kumwosha alitoka nje akatukuta tumekaa mkekani. Alitaka kutufariji. "Nimeiona mikono ya marehemu," alituambia. "Huyu alikuwa mkulima hasa."