Sauti Niliyoitaja

Harufu ya banda la kuku bado hunirudisha mtaa wa Birere. Studio ya kwanza niliyoiona maishani mwangu ilikuwa chumba cha mbao nyuma ya duka la betri, na kuta zake zilibandikwa trei za mayai toka chini hadi juu ili kelele za pikipiki zisiingie. Trei hizo ziliokotwa sokoni, hakuna aliyezisafisha, na zilipopata joto la watu wanne waliofungiwa ndani, zilitoa harufu ya manyoya na kinyesi. Nje jenereta ilinguruma. Ndani alisimama Tonton Makala, mdogo wake mama, mbele ya kipaza sauti kilichovishwa soksi. Mimi nilikaa juu ya kidumu kitupu, daftari likiwa magotini. Nilikuwa na miaka kumi.

Makala ndivyo tunavyoita makaa huku kwetu, na Tonton alipewa jina hilo kwa sababu aliyauza. Katika mtaa wetu yeye ndiye aliyeanza kurap kwa Kiswahili tunachozungumza nyumbani. Kabla yake vijana waliiga Kifaransa cha kwenye redio, hata maneno ambayo hawakuyaelewa. Yeye alisema juu ya mawe ya volkano yanayokata viatu, juu ya foleni ya vidumu ziwani, juu ya bibi yangu aliyeshuka kutoka Masisi akikimbia vita, sufuria ikiwa kichwani na ndani yake maharage yaliyokuwa bado hayajaiva. Nyimbo zake hazikupigwa redioni. Zilitoka simu moja kwenda nyingine, vijana wawili wakiwa wamekaa ukutani na simu zao zimegusanishwa, wakingoja wimbo uvuke.

Tonton aliacha shule mwaka wa tatu, na kuandika kulimpa shida. Kwa hiyo aliniita mimi. Nami naandika polepole, hata leo. Alisema mstari mmoja, kisha akangoja, akiurudia kwa sauti ya chini mpaka niinue kichwa. Rafiki yake Safari, aliyeimba viitikio, alichoka kungoja.

"Huyu mutoto ataandika mpaka tuote mvi," alisema.

"Muache," Tonton alijibu. "Akiandika mbio, na mimi nitasema ujinga mbio."

Watu walimsifu kwa namna alivyonyamaza kati ya mstari na mstari, wakasema anawaachia muda wa kufikiri. Hawakujua kwamba amezoea kungoja kalamu yangu. Shuleni nilikuwa msichana mwenye haya. Mwalimu akiniuliza swali, hata kama jibu nilikuwa nalo, nilitazama dawati mpaka achoke na kumgeukia mwingine. Pale studio hakuna aliyeniuliza kitu, na ndiyo maana nilipapenda.

Majira yale ya mvua ndipo walipotupa libanga. Kutupa libanga ni kumtaja mtu mkubwa ndani ya wimbo ili naye akusaidie. Wanamuziki wetu wote hufanya hivyo, na hakuna anayeona vibaya. Kamanda mmoja wa jeshi lililokuwa mjini aliwapa mafuta ya jenereta ya wiki nzima. Tonton alitaka jina lake litajwe mara moja tu, mwishoni, mahali ambapo lingeweza kukatwa. Safari alikataa.

"Ukimutaja mara moja, atasema tulimuibia mafuta. Weka jina kwa kiitikio."

"Na kesho akihamishwa?"

"Kesho utaimba ingine. Weye unaogopa kama bibi arusi."

Wakacheka, na Safari akashinda. Aliliimba jina lile yeye mwenyewe, kwa sauti yake nyembamba nzuri, na kiitikio kilirudi mara sita. Baada ya siku chache watoto walikuwa wakiliimba njiani, vidumu vya maji vikiwa mgongoni.

Kisha mji ukabadilisha wenyewe, wale wanaoushika kwa bunduki. Asubuhi moja askari wa kamanda waliondoka kwa barabara ya Sake, na kabla ya adhuhuri watu wengine wenye bunduki walikuwa wamesimama kwenye mzunguko wa barabara. Mama alilichukua daftari langu bila kuniuliza, akalichana na kulitia ndani ya mbabula, jiko letu la makaa, chini ya sufuria ya maharage. Mtaa mzima ulifuta wimbo ule kwenye simu. Nilimwona jirani yetu mzee akimpa mjukuu simu yake ili aufute. Lakini kufuta kwa watu wote hakuwezekani. Simu moja ilibaki nao mahali fulani.

Siku ya tatu, mchana, walikuja watatu kati yao uani kwetu. Tonton alikuwa akishona magunia. Mmoja wao aliupiga wimbo kwenye simu, kisha akauzima.

"Ni weye Makala?"

"Bananiita vile juu ninauzisha makala, muzee."

"Imba."

Tonton aliimba. Nilizijua pumzi zake zote, na siku ile nilimsikia akiziharibu moja baada ya nyingine kwa makusudi. Alikwama, akarudia neno, akapoteza mdundo kama mtoto anayesoma herufi kwa herufi. Mmoja wao akacheka akasema, "Huyu hata kuomba chakula hajue." Aliyekuwa mkubwa wao hakucheka. Alinijia mimi, akachuchumaa mbele yangu, akaongea kwa upole.

"Binti, usiogope. Sikiliza. Hii sauti ni ya tonton yako?"

Akaupiga tena wimbo, mara hii kwenye kiitikio, mahali lilipoimbwa lile jina. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni na beseni mkononi. Swali lilikuwa rahisi, na kwa mara ya kwanza maishani jibu halikunikwama.

"Hapana."

"Sasa ni ya nani?"

"Ni ya Safari."

Aliniuliza Safari anakaa wapi. Nikamwambia: nyumba yenye mlango wa bluu, ukipita bomba la maji. "Aksanti, mutoto muzuri," alisema. Ni lazima nikiri kwamba nilifurahi. Kutoka pale nilipokaa hadi mlango wa jikoni nilifurahi, kwa sababu mgeni aliniuliza nami nikajibu vizuri, bila kutazama chini. Mlangoni nikauona uso wa mama.

Wanasema walimkuta Safari akipiga shati pasi. Hakurudi, na hakuna mahali tulipoonyeshwa kaburi. Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Mama alisema tu, "Mutoto alisema kile alijua." Hata watu wale walipoondoka na wengine wakarudi, Tonton hakurap tena. Vijana walimbembeleza, akawaambia koo limeharibiwa na vumbi la makaa.

Leo nina miaka ishirini na minne, na mji umebadilisha wenyewe tena. Watoto wa mtaani wanarekodi kwa simu tu, bila studio wala trei za mayai, na bado wanatupa libanga. Nikisikia jina linatajwa, naingia ndani. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja anayekusanya habari za waliotangulia kurap hapa mjini. Alikuwa ameambiwa habari za Makala. Tonton alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba aliyetunga na kuimba kila kitu ni Safari, na kwamba yeye Makala alikuwa mbebaji wa jenereta tu. Kijana akanigeukia. "Dada, weye ulikuwako. Ni kweli?" Nikatikisa kichwa kukubali.

Habari ikatangazwa. Jumapili iliyofuata mama yake Safari alikuja kwetu akitembea polepole, na kabichi mbili kutoka Kibumba ndani ya kitenge. Alikuwa amezeeka sana. Alinishika mkono, si wa Tonton bali wangu, akasema, "Aksanti, mwanangu. Mulisema ukweli juu ya mutoto wangu."

Nilipokuwa na miaka kumi nilisema ukweli, na mwanawe akapotea. Sasa nimekubali uongo, naye amepata kitu cha kuwasimulia majirani. Safari silo jina lake la kweli, na Makala pia silo, kwa hiyo hata nikiandika haya, habari yake mama yule inabaki kama alivyoipokea. Zile kabichi tulizila kwa siku tatu. Tonton hakuzigusa.